TAHARIRI: Visima ni vyetu, kompyuta ni za nani?

Wengi wetu tulioko hapa Guangzhou tunaijua bandari ya Nansha kwa jambo moja tu, makontena. Huko ndiko vinakopakiwa vigae, meza, nguo na vipuri vya pikipiki kabla ya kuanza safari ndefu ya kwenda Mombasa na Dar es Salaam. Lakini tarehe 17 Novemba 2024 jiji hili lilifanya sherehe ya aina nyingine, pale meli ya utafiti iitwayo Mengxiang, yaani Ndoto, ilipoanza kazi rasmi. Meli hiyo iliundwa hapa hapa Guangzhou. Urefu wake ni mita 179.8, na imejengwa iweze kuchoronga hadi kina cha mita 11,000 kutoka usawa wa bahari. Wataalamu wake wanasema lengo ni siku moja kulitoboa ganda la dunia na kuona kilichoko chini yake.

Hatuandiki haya ili kuisifia meli ya watu. Wachina wana magazeti yao yanayofanya kazi hiyo, tena kwa bidii. Tunaandika kwa sababu kampuni za nchi hii ndizo zilizopewa kazi ya kuchoronga visima vya mafuta vya Uganda, na kwa sababu katika kazi hiyo chuma si kitu cha thamani kuliko vyote tena. Kilicho na thamani ni hesabu zinazokiongoza chuma, na hesabu hizo hufanywa na kompyuta ambazo sisi Waafrika Mashariki hatujaanza hata kuziulizia.

Tuanze na mfano wa karibu. Idara ya Upimaji wa Jiolojia ya Bahari ya Guangzhou, ambayo ndiyo yenye meli hiyo, mwaka 2017 ilifanya jaribio katika eneo la Shenhu, kusini-mashariki ya mji wa Zhuhai. Huko chini ya bahari kuna gesi iliyoganda kama barafu ndani ya tope. Walichoronga kisima kilichonyooka kwenda chini, na kwa siku 60 wakapata gesi mita za ujazo 309,000. Mwaka 2020 walirudi, safari hii kwa kisima kilichopinda na kulala ndani ya tabaka lenye gesi. Kwa siku 30 walipata mita za ujazo 861,400. Muda ulikuwa nusu, gesi ikakaribia mara tatu. Hatusemi kwamba kompyuta peke yake ndiyo iliyoleta tofauti hiyo. Lakini kisima cha kulala, ndani ya tope laini, chini ya maji yenye kina cha mita 1,225, hakichorongwi kwa kukisia.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, tueleze kwa ufupi. Mabomba ya chuma huungwa moja baada ya jingine, na mwisho wake huwekwa kichwa chenye meno magumu kinachozungushwa ili kiusage mwamba. Tope maalumu husukumwa ndani ya mabomba hayo, hutokea kwenye kichwa, kisha hupanda juu kwa pembeni likibeba vipande vya mwamba. Uzito wa tope hilo ndio unaozuia gesi na mafuta yasifumuke kuja juu. Mchorongaji ana mambo machache tu mikononi mwake: uzito anaoukandamiza juu ya kichwa, kasi ya kukizungusha, na wingi wa tope anaolisukuma. Akikandamiza mno, meno huvunjika au kisima hupinda. Akikandamiza kidogo, siku zinapita na mwamba uko pale pale. Zamani mzee mwenye uzoefu aliyajua haya kwa mtikisiko wa sakafu aliyosimama na mlio wa mashine.

Mwaka 1965 mtaalamu aitwaye Teale alipendekeza kupima nguvu inayotumika kwa kila sehemu ya mwamba inayotolewa. Mkulima yeyote wa Mbeya au Masaka angemwelewa mara moja. Ukiona jembe linapigwa sana na udongo haunyanyuki, basi ama jembe ni butu, ama umefika kwenye jiwe, ama unalima vibaya. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Bourgoyne na Young, walionyesha namna ya kutumia kumbukumbu za visima vilivyotangulia ili kukadiria uzito na kasi inayofaa zaidi kwa kisima kinachofuata. Mengi yanayotangazwa leo kwa jina la akili mnemba katika visima vya mafuta ni wajukuu wa hesabu hizo, wenye kompyuta kubwa zaidi na kumbukumbu nyingi zaidi za kujifunzia.

Na kumbukumbu hizo hupatikanaje? Karibu na kile kichwa huwekwa vyombo vinavyopima mwelekeo wa kisima na aina ya mwamba. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 vipimo hivyo vimekuwa vikipelekwa juu kwa mapigo ya presha ndani ya tope lenyewe, kama ngoma inayopigwa kijiji kimoja ikasikika kijiji cha pili. Ngoma hiyo ni ya taratibu sana, mara nyingi biti chache tu kwa sekunde. Waliokuwa wakingoja ukurasa mmoja ufunguke katika intaneti kafe za Kariakoo mwaka 2002 walikuwa matajiri wa kasi wakilinganishwa na mchorongaji. Ndiyo maana kompyuta zinahitajika kwa pande zote mbili, ile ya chini iamue kipi kinastahili kutumwa, na ile ya juu ijaze mapengo, ilinganishe na ramani ya tabaka za miamba na imwambie mchorongaji apinde wapi. Ikishafika juu, habari hiyo hurushwa kwa setilaiti, na mhandisi aliyekaa ofisini maelfu ya kilomita kutoka kisimani huiona papo kwa papo.

Sasa twende Uganda. Tarehe 24 Januari 2023 Rais Museveni alizindua uchorongaji katika eneo la Kingfisher, kando ya Ziwa Albert, linaloendeshwa na kampuni ya Kichina ya CNOOC. Mpango wa hapo ni visima 31, na jambo la kuangaliwa ni kwamba mafuta yenyewe yako chini ya ziwa wakati mitambo iko nchi kavu. Visima huanzia ufukweni, vikapinda, vikaingia chini ya maji ambayo wavuvi wanatupa nyavu zao. Kwa kazi ya namna hiyo hesabu za kompyuta ni lazima. Upande wa kaskazini, katika mradi wa Tilenga unaoendeshwa na TotalEnergies ya Ufaransa, visima vilivyopangwa ni zaidi ya 400, baadhi yake ndani ya Hifadhi ya Maporomoko ya Murchison, na kazi ya kuvichoronga ilipewa kampuni nyingine ya Kichina, ZPEB. Mafuta ya sehemu zote mbili yamepangiwa kupita katika bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga.

Wananchi wetu wamezungumza sana kuhusu bomba hilo, kuhusu fidia ya mashamba, kuhusu ajira na kuhusu wanyama. Wana haki ya kuzungumza. Mtwara nako, mwaka 2013, watu waliandamana na wengine wakapoteza maisha kwa ajili ya bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam. Watu waliuliza gesi inakwenda wapi. Hatukumbuki kumsikia mtu, awe mwanasiasa au mwandishi (na sisi tumo), akiuliza habari za kisima zinakwenda wapi.

Swali hilo ni la fedha. Katika mikataba ya kugawana uzalishaji, ambayo ndiyo inayotumika Tanzania na Uganda, kampuni hutanguliza fedha zake, na mafuta au gesi inapoanza kutoka, hurudishiwa kwanza gharama zake, kwa kiwango kilichokubaliwa kila mwaka, ndipo faida inapogawanywa. Maana yake ni kwamba siku iliyopotea kisimani hailipwi na kampuni peke yake. Mabomba yakinasa wiki nzima kwa sababu mtu alikandamiza vibaya, wiki hiyo huingia katika hesabu, na hesabu hiyo hurudi kwetu. Wakati gesi ya bahari kuu ya Tanzania ilipokuwa ikitafutwa, kuanzia mwaka 2010, meli za kuchoronga duniani zilikuwa zikikodishwa kwa mamia ya maelfu ya dola za Marekani kwa siku moja. Kisima cha Zafarani, kilichogundua gesi mwaka 2012, kilikuwa katika maji yenye kina cha zaidi ya mita 2,500. Piga hesabu mwenyewe ya siku tatu tu za kungoja.

Serikali zetu zina wakaguzi. Tanzania ina PURA, Uganda ina Mamlaka ya Petroli, na wote wana kazi ya kukagua gharama hizo. Lakini ankara humwonyesha mkaguzi kiasi kilicholipwa, haimwonyeshi kilichotokea. Kilichotokea kiko katika kumbukumbu za kompyuta ya mtambo, zinazoandikwa kila baada ya sekunde chache: uzito, kasi, presha, kina, saa. Humo huonekana kama saa sita za usiku wa jana zilitumika kuchoronga au kungoja kipuri, na kama kichwa kilichobadilishwa kilikuwa kimechakaa kweli. Hiyo ndiyo risiti halisi. Mkaguzi asiye na mtu wa kuisoma analipa kwa kuaminiana.

Atasema mtu kwamba sheria zipo. Ni kweli, na nzuri. Sheria ya Uganda ya mwaka 2013 na Sheria ya Petroli ya Tanzania ya mwaka 2015 zote zinasema kwamba data zinazopatikana katika shughuli hizi ni mali ya serikali. Lakini kumiliki kitabu si kukisoma. Data zikiletwa miezi kadhaa baadaye, zikiwa zimefupishwa katika ripoti nadhifu yenye picha za rangi, mwenye mali amepewa muhtasari wa mali yake.

Hapa ndipo historia ya majirani zetu wa hapa kusini mwa China inapofaa kutazamwa. Mwaka 1982 China ilifungua bahari yake kwa kampuni za kigeni na kuunda CNOOC. Kanuni zilizotolewa mwaka ule zilisema kwamba kumbukumbu na sampuli zote za kazi ya mafuta ni mali ya CNOOC, na kwamba wageni wawafundishe Wachina. Mbele ya mlango wa Mto Pearl, mto huu huu unaokatiza Guangzhou, eneo la mafuta la Huizhou 21-1 lilianza kutoa mafuta mwaka 1990 chini ya ubia wa CNOOC na kampuni tatu za kigeni: Agip, Chevron na Texaco. Wasomaji wa umri fulani watalikumbuka jina la Agip. Ndiyo iliyogundua gesi ya Songo Songo mwaka 1974, gesi ambayo haikufika Dar es Salaam hadi mwaka 2004.

Wachina waliendelea kwa miaka mingi kukodi vyombo vya kuongoza visima kutoka kwa kampuni za Magharibi, kwa bei ambayo mwenye chombo ndiye aliyeipanga. Mwaka 2015 kampuni tanzu ya CNOOC iitwayo COSL ilitangaza kwamba imetengeneza mfumo wake wenyewe wa kuongoza kichwa na kupima miamba wakati wa kuchoronga, ikauita Xuanji. COSL hiyo hiyo ndiyo iliyopata kazi Kingfisher. Toka mwanafunzi hadi mkandarasi ilichukua kama miaka 40. Tunajua kwamba China ni kubwa, ina fedha na ina visima maelfu kwa maelfu vya kujifunzia, na si haki kuilinganisha na Tanzania yenye visima vichache. Lakini kifungu cha kanuni kinachosema data ni zetu na watu wetu wafundishwe hakihitaji visima maelfu. Kinahitaji mtu wa kukisimamia.

Kuna jambo jingine linalotutia wasiwasi zaidi. Programu hizi za sasa hujifunza. Kila kisima kinachochorongwa huifundisha programu jinsi mwamba wa mahali hapo unavyofanya. Miamba ya Bonde la Ufa la Albert si miamba ya Bahari ya Kaskazini wala ya Ghuba ya Bohai, kwa hiyo visima vya mwanzo ndivyo vyenye mafunzo ghali kuliko vyote. Mwenye programu akiyachukua mafunzo hayo, atakuja kutukodisha tena kwa kisima kinachofuata. Watu wa Mtwara wanaijua biashara hii tangu zamani. Korosho huondoka ghafi, hubanguliwa ng'ambo, kisha huuzwa dukani kwa bei isiyomjali aliyeichuma.

Usalama nao hauko mbali na haya. Usiku wa tarehe 23 Desemba 2003, katika wilaya ya Kaixian mjini Chongqing, kisima cha gesi kilifumuka na kumwaga gesi ya sumu juu ya vijiji. Watu 243 walikufa, wengi wao wanakijiji waliokuwa majumbani mwao. Uchunguzi ulikuta kwamba vali ya kuzuia gesi isirudi juu ilikuwa imeondolewa katika mabomba. Na tarehe 20 Aprili 2010 katika Ghuba ya Mexico, kisima cha Macondo kililipuka na kuua watu 11. Kisima kile kilikuwa na vyombo vya kisasa, na vipimo vyake vilikuwa vikirushwa hadi nchi kavu. Dalili zilikuwa kwenye skrini. Jaribio la presha lilisomwa vibaya, na ofisini hakuna aliyepaza sauti kwa wakati. Wale wanaotuambia kwamba kompyuta itamaliza ajali waanze na Macondo. Kompyuta iliona. Kwa wavuvi wa Buhuka, wanaolala hatua chache kutoka kwenye mitambo ya Kingfisher, la maana ni kama kuna mtu wa pili, asiyelipwa na kampuni, anayeitazama skrini ile ile saa nane za usiku.

Mtu huyo atatoka wapi? Wizara ya Nishati ya Tanzania imekuwa ikitangaza nafasi za ufadhili wa serikali ya China kwa masomo ya mafuta na gesi, na vijana wetu wanakuja. Wanasoma Beijing, Qingdao, Wuhan. Mmoja wao alikaa nasi mezani hapa Xiaobei miezi michache iliyopita. Ana shahada ya pili ya uhandisi wa petroli, na utafiti wake ulikuwa juu ya kutabiri kasi ya kuchoronga kwa kutumia kompyuta. Anaongea Kichina kama mtu wa hapa. Kazi yake ni kuwatafsiria wafanyabiashara wanaonunua viatu. "Mzee, niliomba kazi nyumbani mara nne," alituambia. "Ofisi moja walinijibu hawana mtambo wa kuchorongea, kwa hiyo hawana haja na mimi." Tulimwuliza kama aliwaeleza kwamba kazi yake haihitaji mtambo, inahitaji data na kompyuta moja nzuri. Alicheka, akaagiza chai nyingine.

Orodha ya Uganda ya kazi zilizotengwa kwa wazawa katika sekta ya mafuta, iliyowekwa na kanuni za mwaka 2016, ina chakula, ulinzi, usafirishaji, malazi, na pia huduma za mawasiliano na teknolojia ya habari. Tunashauri kipengele hicho cha mwisho kisitafsiriwe kama kuvuta nyaya za ofisini na kutengeneza printa. Usomaji na uhifadhi wa data za uchorongaji uhesabiwe humo. Tanzania nayo, ambayo mazungumzo ya mradi wake wa gesi asilia iliyosindikwa yameendelea kwa miaka mingi, ina nafasi ambayo Uganda haikuwa nayo, kwa sababu visima vingi vya bahari kuu vya kuzalishia gesi hiyo bado havijachorongwa. Mkataba useme waziwazi kwamba data ghafi ya kila kisima inafika Dar es Salaam papo kwa papo, si muhtasari wake. Useme pia kwamba hakuna programu ya mtu itakayofundishwa kwa data hizo bila leseni ya mwenye mali. Na gharama za chumba cha kuzisomea ziingie katika mradi tangu mwanzo, maana ukilinganisha na kukodi meli ya kuchoronga hata kwa siku moja, chumba chenye kompyuta 20 na vijana wa zamu ni fedha ya chai.

Kuhusu wanafunzi, tunaziomba balozi zetu zilizoko China jambo dogo. Zina orodha za wanaofika na ufadhili. Zitengeneze na orodha ya wanaomaliza, yenye mada ya utafiti wa kila mmoja, na kuipeleka TPDC, PURA na Mamlaka ya Petroli ya Uganda kila mwaka kabla ya Septemba, mwezi ambao kundi jipya huanza masomo huku wale wa zamani wakitafuta chumba cha kupanga Xiaobei.